Kozi ya Jioni ya Tajiriba ya Mtumiaji Mjini Kisumu: Je, Inamfaa Mwanafunzi wa Ubunifu wa Bidhaa?

Wanafunzi wangu wa ubunifu wa bidhaa wamekuwa wakiniuliza kama inafaa watoe pesa zao kwenda kusomea tajiriba ya mtumiaji, yaani yale mtu anayoyapitia anapotumia kitu, na ubunifu wa maingiliano, yaani kupanga jinsi mtu na kifaa wanavyowasiliana, nje ya chuo. Kila mara nilisita kuwajibu, kwa kuwa kozi nyingi za aina hii zimeandaliwa kwa ajili ya watu wanaotaka kutengeneza programu za simu, huku mtu anayejifunza kutengeneza jiko, mizani au mita ya maji akiachwa ajitafutie mwenyewe mahali pake. Muhula uliopita nilijiandikisha pamoja na baadhi yao katika kozi fupi ya jioni inayofundishwa ghorofani, katikati ya mji wa Kisumu, karibu na Oginga Odinga Street. Jina la taasisi sitalitaja, kwa sababu nina ya kusifu na ya kulaumu, na wakufunzi walinipokea kwa ukarimu wakijua wazi kwamba mimi pia ni mwalimu. Hukumu yangu naitoa mapema: kozi hii inastahili karo yake kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba inamtoa mwanafunzi darasani mapema na kumkalisha kimya mbele ya mtu anayetumia kitu. Mengi ya mengine yaliyomo yanapatikana kwingine, na baadhi yake yanapatikana bure.

Kozi huchukua wiki kumi. Vipindi ni jioni mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja na nusu, pamoja na Jumamosi asubuhi kwa kazi za nje. Karo hulipwa kwa awamu mbili na kwa jumla haizidi bei ya simu janja ya kiwango cha kati. Chumba ni kidogo lakini kina hewa, meza ni pana vya kutosha kukatia karatasi ngumu, na hilo la meza si dogo kwa mwanafunzi anayefanya kazi kwa mikono.

Somo la kwanza lilichaguliwa kwa busara. Badala ya kuanza na skrini, mkufunzi mkuu alianza na Bill Moggridge, mbunifu wa bidhaa kutoka Uingereza aliyebuni umbo la GRiD Compass, kompyuta ya kukunjwa iliyotoka mwaka 1982. Moggridge alihangaika na bawaba, kifuniko, uzito na mpini wa kompyuta ile, kisha alipoanza kuitumia akagundua kwamba baada ya muda mfupi alikuwa amelisahau umbo lote na mawazo yake yalikuwa yamezama ndani ya skrini, kwenye mambo ambayo yeye hakuyabuni. Kutokana na tukio hilo, yeye na mwenzake Bill Verplank walianza kuizungumzia kazi ya kubuni maingiliano kama taaluma inayojitegemea. Niliwatazama wanafunzi wangu wakati simulizi hiyo ikiendelea. Walikuwa wamekuja wakidhani wameingia katika uwanja wa watu wa kompyuta, na ndani ya saa moja walifahamu kwamba taaluma hii ilichangiwa tangu mwanzo na mtu wa fani yao, aliyeona kuwa umbo zuri peke yake halimalizi kazi.

Baada ya hapo ilikuja mita. Mkufunzi alileta kibao cha mita ya stima ya kulipia kabla, kile chenye vitufe vya namba na skrini nyembamba, akazima taa, akampa mwanafunzi mmoja simu yenye ujumbe wa tokeni na kumwomba aingize tarakimu zote 20. Sisi wengine tulitakiwa kuandika tu tunachokiona, bila kusaidia. Ujumbe ule huandika namba kwa mafungu ya tarakimu nne, lakini skrini ya kibao alichotuletea haikuweza kuonyesha tarakimu zote kwa pamoja, kwa hivyo kila alipofika fungu la tatu alipoteza mahali. Zaidi ya hapo, simu iliyobeba namba ndiyo hiyo hiyo aliyotaka kuitumia kama tochi, na kila alipoielekeza kwenye kibao ili aone vitufe, hakuweza tena kuisoma namba. Mwishowe alimwita mwenzake amsomee, jambo ambalo nyumba nyingi hulifanya usiku tokeni zikiisha: mmoja anasoma, mwingine anabonyeza. Wanafunzi waliorodhesha makosa ya vidole, mkufunzi akayapokea, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyeandika kwamba kifaa kile kinahitaji watu wawili. Darasa lilitulia. Sijaona njia bora zaidi ya kumfundisha mbunifu wa bidhaa kwamba kipimo chake ni kazi nzima ya mtu, pamoja na giza, jirani na simu yenye chaji ndogo, wala si kibao peke yake.

Nadharia za kawaida zilipitiwa kwa kasi inayofaa. Kanuni kumi za mwaka 1994 za Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, zilipewa kipindi kimoja, na viwango vya muda wa kusubiri vikaelezwa kwa mifano: sehemu ya kumi ya sekunde ambayo mtu huiona kama papo hapo, sekunde moja ambayo bado haikatizi mawazo, na sekunde kumi ambazo zikipita mtumiaji hugeukia jambo jingine. Kanuni ya Paul Fitts ya mwaka 1954, inayoeleza jinsi muda wa kukifikia kitu unavyotegemea umbali na ukubwa wake, ingeweza kubaki hesabu tupu ubaoni. Mwanafunzi mmoja, hata hivyo, aliomba ruhusa kwenye kinu cha kusagia mahindi mtaani kwao, Nyalenda, akapima umbali kati ya mahali anaposimama msagaji akimimina mahindi na mahali ilipo swichi ya kuzimia mota. Aliporudi na mchoro wake, uliokuwa na swichi ndogo ukutani nyuma ya bega la msagaji, kila mtu aliielewa kanuni ile bila maelezo zaidi, na kipindi kilichobaki kilitumiwa kujadili mahali pa kuweka kitufe chekundu kikubwa ambacho mtu anaweza kukigonga kwa kiganja pindi nguo inaponaswa na mkanda.

Kiini cha kozi, na sehemu ninayotaka kuieleza kwa kirefu, ni kazi ya Kibuye. Soko la Kibuye linajulikana Kanda ya Ziwa nzima, na Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Sisi tulipelekwa Jumamosi, wakati ambapo wachuuzi wana nafasi kidogo ya kumvumilia mwanafunzi. Kila kundi lilipewa jukumu la kubuni kifaa kimoja cha kumsaidia mchuuzi wa samaki kujua mauzo yake ya siku. Kundi nililokaa nalo lilikuwa limeandaa darasani wazo la mizani ya kidijitali yenye skrini ya kugusa, inayopima, kukokotoa bei na kuhifadhi hesabu. Michoro yao ilikuwa safi kwelikweli. Walikuwa na rangi za kijivu hafifu, maandishi membamba na aikoni za kupendeza, na waliiweka kwenye simu janja ya mmoja wao ili mchuuzi aijaribu kana kwamba ni mizani yenyewe.

Mama aliyekubali kutusaidia alikuwa anauza ngege na omena. Mwanafunzi alimkabidhi simu, akamwomba abonyeze aina ya samaki. Mama alikuwa ametoka kuparua magamba, mikono imelowa. Aligusa skrini, haikuitikia. Akagusa tena kwa nguvu zaidi, ikafungua ukurasa usiohusika. Akapangusa kidole kwenye aproni, akagusa, ikakubali, kisha mteja akaja, akashika samaki mwingine, na kidole kikalowa upya. Skrini za kugusa za aina hii hufanya kazi kwa kuhisi chaji ya umeme ya kidole, na maji juu ya kioo huzivuruga. Jambo hilo wanafunzi walikuwa wamelisoma, lakini kulisoma hakukuwafanya walifikirie walipokuwa wakichora. Kisha jua lilipanda. Maandishi yale ya kijivu yalipotea kabisa, na mama akawa anaigeuza simu huku na huku akiikinga kwa kiganja. Darasani walikuwa wamefundishwa kwamba miongozo ya kimataifa ya ufikivu, ile ya kuhakikisha kila mtu, hata mwenye ulemavu, anaweza kutumia kitu, hutaka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma yake, na walikuwa wameiona kama sharti la kuwaridhisha wakaguzi. Pale sokoni lilionekana kuwa kiwango cha chini mno, ambacho mchuuzi wa nje anahitaji kuzidishiwa.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha mradi wote. Mteja aliomba omena, na mama hakuitazama simu wala mizani yake mwenyewe. Alichukua gorogoro, kopo lake la kupimia, akajaza, akasukuma kwa mkono, akajaza tena hadi kilele, kisha akaongeza gao moja, yaani konzi ya mkono, juu yake. Wateja wawili waliofuata walipata gao kubwa zaidi, na yule wa tatu, ambaye hakumjua, akapata dogo. Mkufunzi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alimnong'oneza kiongozi wa kundi aandike nyongeza ile. Jioni ya darasa iliyofuata walijadiliana kwa muda mrefu kuhusu hesabu yake: kama kifaa kinahesabu gramu, kitamwonyesha mama kwamba anapoteza omena kila siku, na pengine atapenda kujua hivyo, lakini nyongeza ile ndiyo inayomrudisha mteja kesho, na kifaa kitakachoiita hasara kitakuwa kimekosea kuielewa biashara yake. Ni mjadala ambao katika miaka yangu ya kufundisha nimeutamani sana bila kuufikia, na ulitokea kwa sababu watu walikaa kimya kwa muda wa kutosha kumwona mama akifanya kazi yake.

Ukimya huo una kanuni zake, na wakufunzi wanazisimamia kwa ukali. Watu wetu wana adabu kwa mgeni. Mwanafunzi wa kundi jingine alipouliza, "Mama, umekipenda kifaa chetu?" alijibiwa, "Ni kizuri sana, mwanangu, Mungu awabariki na masomo yenu," na angeweza kurudi darasani akaandika kwamba kifaa kimepokewa vyema. Mkufunzi alimsimamisha, akamwomba abadilishe swali liwe kazi: "Mama, naomba unipimie omena ya shilingi mia mbili kama unavyompimia mteja yeyote." Kuanzia hapo macho yalihamia kwenye mikono. Pia waliruhusu mazungumzo yaende kwa Dholuo pale mchuuzi alipopenda, mwanafunzi mmoja akisikiliza na kuandika kwa Kiswahili. Mtu anayeombwa aseme kwa sauti anachokiwaza huku akifanya kazi hunyamaza upesi akilazimishwa lugha asiyoitumia akiwa kazini, na ushahidi wa majaribio hupotea kwa namna hiyo bila mbunifu kujua.

Waliporudi, kundi lile liliiacha skrini ya kugusa. Hapa ndipo niliposhukuru kwamba kozi inalazimisha mifano ya mikono kabla ya programu. Wakufunzi walisimulia habari za Jeff Hawkins ambaye, kabla ya kompyuta ya mkononi ya Pilot kutoka mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao chenye ukubwa wa kifaa alichokifikiria, akikitoa mfukoni na kujifanya anaandika miadi ili aone kama kinafaa kubebwa. Wanafunzi wetu walichonga mizani yao kwa mbao laini na karatasi ngumu: vitufe vinne vikubwa, kila kimoja kikiwa na alama iliyoinuka inayotambulika kwa kidole bila kutazama, mteremko wa kumwaga maji, na dirisha dogo la namba nyeusi chini ya kingo inayokinga jua. Aikoni za samaki zilifutwa. Palikuwa na kitufe kimoja kilichotengwa kwa ajili ya nyongeza, kinachohesabu magao bila kuyatoza. Walipokirudisha Kibuye, mama alikishika kwa mikono iliyolowa na kuanza kubonyeza kabla hajaelezwa chochote. Mwanafunzi wa programu pekee asingekuwa na njia hiyo ya kutokea. Wa bidhaa anaweza kubadilisha kitufe chenyewe, nyenzo, pembe na uzito. Kozi inamwonyesha uwezo huo kwa vitendo, na ndiyo maana naithamini.

Sasa nigeukie palipopungua. Kasoro ya kwanza ni jinsi matokeo ya majaribio yanavyochukuliwa. Wanafunzi walifundishwa kwamba watu watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya kifaa, hoja aliyoieneza Nielsen mwaka 2000. Hoja hiyo ina masharti ambayo hayakufundishwa. Inahesabu kwamba kila mtu mmoja hugundua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, na kwamba watu hao wanatoka katika kundi moja lenye matumizi yanayofanana. Nielsen mwenyewe alieleza kwamba makundi yakitofautiana, kila kundi lijaribiwe kivyake, watu watatu au wanne kwa kundi. Pale Kibuye kulikuwa na mama anayeuza rejareja, kijana anayenunua kwa jumla kutoka ufukweni, na mteja wa nyumbani. Kuwachanganya hao na kusema tumefikisha watano ni kujidanganya, na wanafunzi kadhaa waliwasilisha ripoti za namna hiyo zikapewa alama nzuri.

Kasoro ya pili inafanana nayo. Mwishoni mwa kila jaribio walitumia hojaji maarufu ya John Brooke ya mwaka 1986 ya kupima urahisi wa matumizi, yenye sentensi kumi na alama kutoka 0 hadi 100, ambayo wastani wake unaokubalika kwa kawaida ni 68. Hojaji hiyo hupishanisha sentensi za kusifu na za kukosoa kwa makusudi. Mtu anaposomewa kwa sauti akiwa kazini, akisikia sentensi ya kukosoa baada ya ile ya kusifu, mara nyingi hukubaliana na zote mbili kwa sababu ya ile ile adabu niliyoitaja, na alama inayotoka haina maana. Nilimwona mchuuzi mmoja akikubali kwamba kifaa ni rahisi na, pumzi moja baadaye, kwamba ni kigumu bila sababu. Mwanafunzi alijaza karatasi, akakokotoa, akapata alama yenye desimali. Kozi inayofundisha kutazama mikono kwa umakini mkubwa hivyo haipaswi kumaliza kwa karatasi inayofuta kila kilichoonekana. Ingefaa hojaji hiyo ibakizwe kwa watumiaji wanaoisoma wenyewe, kwa utulivu, na kwa wachuuzi zihesabiwe kazi zilizokamilika, makosa na muda.

Halafu kuna suala la Figma. Ni programu nzuri ya kuchorea kurasa za skrini, hutolewa bila malipo kwa wanafunzi waliothibitishwa, na mtu akitaka ajira katika fani hii hana budi kuifahamu. Ninacholaumu ni kiasi cha muda iliyopewa na mazingira ambamo inafundishwa. Hufanya kazi kupitia intaneti, na programu yake ya simu ni ya kutazamia kazi zaidi kuliko kuitengeneza, hivyo mwanafunzi asiye na kompyuta ya mkononi hubaki mtazamaji. Karibu theluthi ya darasa letu haikuwa na kompyuta. Waliambiwa washiriki na wenzao, na waliishia kushika madaftari huku mwenye kompyuta akichora. Jioni stima ilipokatika, intaneti ya jengo ilikatika nayo, na kila mmoja akawasha bando lake. Hakuna ubaya katika kutumia zana hiyo. Ubaya ni kutokuwa na mpango wa pili. Menyu za vitufe vya simu zinaweza kuchorwa kwenye kadi za karatasi, mwanafunzi mmoja akazibadilisha kwa mkono kila mtumiaji anapochagua namba, na somo likaendelea hata gizani kwa mshumaa. Mbinu hiyo ya mtu kujifanya mashine ni ya zamani na inaheshimika katika taaluma hii, na kwa wanaobuni huduma za menyu za simu ya kabambe, ile isiyo janja, ambako kila ukurasa una nafasi ya herufi 182 tu, kadi ya karatasi iliyopigwa mistari hufundisha ubanaji wa maneno vizuri kuliko programu yoyote.

Mifano ya ufundishaji nayo ilitia huzuni kidogo. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, jambo linaloeleweka kwa kuwa ndiyo lugha ya mitihani yetu, lakini pia zilijaa programu za kuagiza teksi na kukodisha nyumba za mapumziko katika miji ya Marekani. Hakuna aliyetaja majaribio ya M-Pesa. Mwaka 2005, kabla ya huduma hiyo kuzinduliwa kitaifa Machi 2007, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakishirikiana na Safaricom, waliijaribu kwa lengo la kuwawezesha wakopaji wa shirika la mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Watu waliopewa huduma ile walianza kuitumia kwa mambo yao, wakitumiana pesa wao kwa wao na kuwapelekea jamaa walioko mbali, na waliokuwa wakiwatazama walikuwa na busara ya kubadilisha huduma ifuate matumizi hayo. Hilo ni somo zima la utafiti wa watumiaji, lililotokea hapa hapa Kenya, na kila mwanafunzi aliye darasani ana matokeo yake mfukoni. Kulikosa katika kozi inayofundishwa Kisumu ni upungufu unaoweza kurekebishwa kwa jioni moja, na nimewaambia hivyo wakufunzi, nao walinisikiliza vyema.

Jambo jingine nililowaeleza linahusu ridhaa. Wanafunzi walirekodi video za wachuuzi kwa simu zao baada ya kuomba kwa mdomo tu, na baadhi ya video ziliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, sura na sauti zikiwa wazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili ya nini, na aweze kuondoa ridhaa yake. Karatasi moja yenye sentensi chache za Kiswahili na Dholuo, ikisomwa kwa sauti kabla ya kurekodi, ingetosha. Kupiga picha mikono bila sura kungetosha pia mara nyingi, kwa kuwa mikono ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta.

Kuhusu ahadi ya ajira inayotangazwa katika mabango ya kozi, namshauri mwanafunzi asiitegemee. Cheti kinachotolewa ni cha kuhudhuria. Kinachobaki na thamani ni mkoba wa kazi, yaani mkusanyiko wa miradi ya kumwonyesha mwajiri, na hapo kozi inatoa mwongozo mzuri: kila mradi huandikwa kuanzia kilichoonekana sokoni, kisha mawazo yaliyotupwa na sababu zake, kisha kifaa cha mwisho. Nimesoma mikoba mingi ya wanafunzi wa bidhaa iliyojaa picha zinazong'aa za kitu kilichokamilika, bila alama yoyote ya mtu aliyekitumia. Mikoba iliyotoka hapa inaonyesha mizani ya kijivu iliyoshindwa juani kando ya ile ya vitufe, na mwajiri makini ataona njia iliyopitiwa.

Ukilinganisha na masomo ya mtandaoni, kwa nadharia peke yake kozi hii haina cha kujivunia. Kozi ya Google kuhusu tajiriba ya mtumiaji, iliyoanza kutolewa mwaka 2021 kupitia Coursera, imepangwa kwa utaratibu mzuri zaidi na mwanafunzi anaweza kuomba msaada wa ada. Interaction Design Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2002, ina maandishi ya kina kuliko slaidi tulizopewa. Mwenye bando la kutosha na nidhamu ya kusoma peke yake anaweza kuyapata hayo akiwa Maseno, Kakamega au Njoro. Lakini hakuna mkufunzi wa mtandaoni atakayesimama nyuma yake Kibuye na kumnong'oneza aandike nyongeza.

Kwa hiyo naipendekeza kwa mwanafunzi wa ubunifu wa bidhaa aliyefika mwaka wa pili au wa tatu, anayeweza kuchonga, kukata na kuunganisha, na ambaye hajawahi kumtazama mgeni akitumia alichokitengeneza. Anayeanza kabisa atachanganyikiwa, kwa kuwa hakuna kipindi cha mbinu za msingi za kutengeneza mifano. Anayetaka kuwa mchoraji wa programu za simu tu atafute kozi yenye kompyuta za kutosha. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: Jumamosi ngapi ni za kazi za nje, kama kuna kompyuta za kuazima, na kama unaruhusiwa kuleta mradi wako wa chuoni, sisi tuliruhusiwa, na jiko la udongo lililoletwa na mmoja wetu lilipata marekebisho ya mpini na mlango wa hewa baada ya kutazamwa likitumika jikoni kwa watu wa Manyatta. Wanaosafiri kutoka Siaya, Vihiga au Ahero wazingatie kwamba vipindi vya jioni humalizika saa mbili usiku, wakati ambapo matatu zimepungua na nauli imepanda, na wakufunzi wamesema wataanzisha zamu ya Jumamosi mchana wakipatikana wanafunzi 12 walio tayari kulipa awamu ya kwanza.